Pengo, mteremko, mkusanyiko au ruzuku: uchague kipimo gani cha haki ya kupata huduma za hospitali?

Hospitali moja, mwaka mmoja, ripoti mbili. Ya kwanza inasema maskini ndio wanaolazwa zaidi, kwa hiyo mlango uko wazi kwao. Ya pili inasema maskini ndio wanaoachwa nje. Waandishi wote wawili wanaweza kuwa wamehesabu vizuri, bila kudanganya popote. Walichotofautiana ni kipimo, na mara nyingi hakuna aliyesimama kujieleza kwa nini alichagua hicho.

Makala haya ni kwa anayelazimika kuchagua: mwanafunzi anayeandika tasnifu, mchambuzi wa takwimu wa wizara, mtu wa shirika anayeandaa hoja, mwandishi wa habari aliyepewa jedwali na kuulizwa lina maana gani. Nalinganisha njia nne zinazotumika zaidi. Lakini kwanza lazima tuseme kwa nini hospitali ni ngumu kupima kuliko huduma nyingine.

Chanjo ni rahisi: kila mtoto anaihitaji, na wanaoipata wakizidi ni heri. Kulazwa sivyo. Mgonjwa wa pumu au kisukari aliyelazwa mara tatu kwa mwaka huenda amelazwa kwa sababu kituo cha afya kilicho karibu naye hakikuwa na dawa. Kwenye jedwali anaonekana mtu aliyehudumiwa sana, lakini ukweli ni kwamba alishindwa kusaidiwa mapema. Upande wa pili kuna upasuaji wa kujifungua. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kiwango chake katika jamii kikivuka asilimia 10, vifo vya akina mama na watoto wachanga havionekani kupungua zaidi. Basi wenye mali wakiwa juu sana na maskini chini sana, kuna matatizo mawili tofauti, na kipimo kinachohesabu kila upasuaji kama faida kitayaona kuwa moja.

Kuna pia tofauti kati ya usawa na haki. Watu wote wakilazwa kwa kiwango kimoja, huo ni usawa. Kama maskini ndio wanaougua zaidi, usawa huo ni dhuluma. Julian Tudor Hart, daktari wa Wales, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1971: huduma nzuri huelekea kupatikana kwa uchache pale hitaji lilipo kubwa. Kupima tofauti ya matumizi bila kupima hitaji ni kuishia nusu ya njia.

Vigezo vya ulinganisho

Kila kipimo nitakiuliza maswali matano: kinajibu swali gani, kinadai takwimu zipi, kinalichukuliaje hitaji la mgonjwa, kinakwama wapi, na kinamfaa nani. Ili tusipotee, tutatumia mfano mmoja wa kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Watu wamegawanywa katika mafungu matano yenye idadi sawa, kuanzia maskini zaidi hadi matajiri zaidi. Waliolazwa kwa mwaka, kwa kila watu 100, ni 4, 5, 6, 7 na 8.

Kwanza kabisa: maskini ni nani, na daftari ni la nani?

Maamuzi haya mawili yanaweza kubadilisha jibu kuliko uchaguzi wa kipimo chenyewe, na ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Mapato ni magumu kupima pale watu wengi wanapojiajiri. Matumizi ya kaya ni bora, lakini hojaji yake ni ndefu na ya gharama. Ndiyo maana tafiti nyingi za kaya hutumia fahirisi ya mali, yaani namba moja inayojumlisha vitu vya kaya: paa, sakafu, maji, redio, baiskeli. Njia hiyo ilienea baada ya kazi ya wachumi Deon Filmer na Lant Pritchett iliyochapishwa mwaka 2001. Udhaifu wake ni kwamba vitu vingi vinavyohesabiwa ni vya mjini, hivyo mkulima mwenye ardhi na mifugo anaweza kuhesabiwa maskini kuliko mpangaji wa mjini asiye na akiba. Elimu ni rahisi kuuliza na haibadiliki mtu akiugua. Hilo la mwisho lina uzito. Aliyeuza mali ili alipe hospitali ataonekana maskini siku ya utafiti, na kulazwa kwake kutaandikwa upande wa maskini, ingawa kulazwa ndiko kulikomfukarisha. Kuna wanaotumia hali ya mtaa mzima badala ya hali ya mtu. Inasaidia pale rekodi ina anwani tu, lakini maskini aishiye mtaa wa wenye nacho hupotea.

Kisha daftari. Rekodi za hospitali zina utambuzi wa ugonjwa, siku za kulazwa na wakati mwingine gharama, lakini zina waliofika tu. Aliyekata tamaa kwa nauli hana jalada. Utafiti wa kaya humfikia huyo, ila nao una mapungufu yake. Kwa kawaida huuliza kuhusu kulazwa katika miezi 12 iliyopita, na watu husahau. Na aliyefia wodini hawezi kujibu hojaji, hivyo sehemu nzito ya matumizi ya hospitali, ya siku za mwisho za maisha, hutoweka. Hata sampuli inayoonekana kubwa huyeyuka. Katika mfano wetu, ukihoji watu 2,000, kila fungu lina watu 400, na katika fungu maskini zaidi waliolazwa ni 16. Hitimisho zima kuhusu maskini linasimama juu ya watu 16.

1. Pengo na uwiano

*Swali linalojibiwa.* Walio juu kabisa wanawazidi walio chini kabisa kwa kiasi gani? Katika mfano wetu pengo ni 4 kwa kila watu 100, na uwiano ni mara 2.

*Takwimu.* Viwango vya mafungu mawili tu vinatosha. Unaweza kuvipata kwenye ripoti iliyochapishwa bila kugusa takwimu ghafi.

*Hitaji la mgonjwa.* Halimo, isipokuwa ulitafute mwenyewe, kwa mfano kwa kuhesabu tu watu wenye umri au ugonjwa mmoja. Ukibana kundi hivyo, hata kipimo hiki cha kawaida kinakuwa na nguvu: katika waliovunjika nyonga, maskini wangapi walifanyiwa upasuaji na matajiri wangapi?

*Kinapokwama.* Mafungu ya katikati hayaonekani. Chukua nchi mbili: moja ina 4, 8, 8, 8, 8 na nyingine 4, 4, 4, 4, 8. Pengo ni lile lile, uwiano ni ule ule. Lakini nchi ya kwanza imewaacha maskini kabisa nyuma ya wengine wote, na ya pili imewahudumia matajiri peke yao. Dawa ya matatizo hayo mawili si moja. Tena pengo na uwiano vinaweza kwenda njia tofauti: kutoka 4 na 8 kufika 8 na 13, pengo limepanda kutoka 4 hadi 5 na uwiano umeshuka kutoka 2 hadi 1.6. Serikali itataja uwiano, wapinzani watataja pengo, na wote watakuwa wakweli. Kwa hiyo taja vyote viwili, siku zote.

*Kinamfaa nani.* Mwandishi wa habari, mtetezi wa haki, mkuu wa wilaya mwenye dakika tano. Hakuna kipimo kinachoeleweka haraka zaidi ya hiki, na kueleweka si sifa ndogo: takwimu ambayo mkutano hauielewi haibadilishi bajeti.

2. Fahirisi ya mteremko

*Swali linalojibiwa.* Ukipanda ngazi ya jamii kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ukizingatia mafungu yote na ukubwa wa kila fungu, matumizi yanabadilika kiasi gani? Elsie Pamuk aliitumia mwaka 1985 kuchunguza vifo na tabaka la kijamii Uingereza na Wales, na tangu hapo imeenea.

*Takwimu.* Viwango vya mafungu yote pamoja na ukubwa wa kila fungu. Unampa kila fungu nafasi yake katikati ya safu ya watu, kati ya 0 na 1, kisha unachora mstari wa rigresheni, yaani mstari ulionyooka unaopita karibu iwezekanavyo na viwango vyote. Kwa mfano wetu mteremko ni 5 kwa kila watu 100, mkubwa kuliko pengo la 4 kwa sababu mstari unafika kwenye ncha zenyewe za jamii na haukomei katikati ya fungu la mwisho. Kwa uwiano, ncha ya juu ni 8.5 na ya chini 3.5, yaani mara 2.4 hivi.

*Hitaji la mgonjwa.* Linaingia kirahisi: umri, jinsia na hali ya afya huongezwa kwenye rigresheni ile ile.

*Kinapokwama.* Mstari ni mstari. Zile nchi mbili za hapo juu, zenye 4, 8, 8, 8, 8 na 4, 4, 4, 4, 8, zote zinapata mteremko wa 4. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa sababu wengi hudhani kwamba kutumia mafungu yote kunatosha kufichua umbo. Hakutoshi. Chora nguzo tano uzitazame kwa macho kabla ya kuandika namba moja. Pia mteremko unahitaji makundi yenye mpangilio wa juu na chini. Huwezi kuutumia kulinganisha mikoa au makabila.

*Kinamfaa nani.* Anayefuatilia mabadiliko ya miaka mingi, hasa akitumia elimu. Wasiosoma wakipungua kutoka asilimia 40 ya watu hadi 8, pengo la kawaida linalinganisha sasa kikundi kidogo kilichobaki pembezoni, na linaweza kupanuka ingawa jamii kwa jumla imesogea. Mteremko unazingatia kwamba kikundi kimepungua.

3. Fahirisi ya mkusanyiko

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndicho kipimo kinachopendwa na watafiti na ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi.

*Swali linalojibiwa.* Matumizi ya huduma yamekusanyika upande gani wa jamii? Inakwenda kutoka -1, huduma zote kwa maskini, hadi +1, zote kwa matajiri. Sifuri ina maana hakuna mwelekeo. Ilipata umaarufu kupitia kazi ya Adam Wagstaff, Pierella Paci na Eddy van Doorslaer ya mwaka 1991. Katika mfano wetu ni 0.133. Namba hiyo peke yake haisemi kitu kwa mtu wa kawaida, lakini kuna njia ya kuitafsiri: zidisha kwa 75. Jibu, 10, ni asilimia ya huduma zote ambayo ingepaswa kuhama kutoka nusu tajiri kwenda nusu maskini ili fahirisi ifike sifuri. Kulazwa 1 kati ya 10: hilo mtu analielewa.

*Takwimu.* Takwimu za mtu mmoja mmoja au za makundi yaliyopangwa kwa hali ya uchumi. Kwa hitaji, lazima uwe na za mtu mmoja mmoja.

*Hitaji la mgonjwa.* Hii ndiyo nguvu yake. Unakadiria kila mtu angehitaji kiasi gani cha huduma kwa umri, jinsia na afya yake, unapata fahirisi ya hitaji, kisha unaitoa kwenye fahirisi ya matumizi. Tuseme hitaji katika mafungu yetu ni 8, 7, 6, 5, 4. Fahirisi ya hitaji ni -0.133, na ukosefu wa haki ni 0.27: asilimia 20 ya huduma, si 10. Na kama matumizi yangekuwa 6 kwa kila fungu, fahirisi ya matumizi ingekuwa sifuri safi, watu wangepiga makofi, na ukosefu wa haki ungebaki 0.13. Kwa njia hii van Doorslaer na wenzake walichunguza nchi 21 zilizoendelea katika utafiti uliotoka mwaka 2006: kwa madaktari wa kawaida, hitaji likishazingatiwa, hali ilikuwa ya haki kwa kiasi kikubwa; kwa madaktari bingwa, wenye mapato makubwa waliwazidi wengine; kwa kulazwa, mwelekeo haukuwa mmoja.

*Kinapokwama.* Mahali pawili. Kwanza, hitaji lenyewe linapimwaje? Ukiwauliza watu kuhusu afya yao, unakutana na alichoonyesha mchumi Amartya Sen mwaka 2002. Kerala, jimbo la India lenye umri mrefu wa kuishi, liliripoti maradhi mengi kuliko Bihar, lililo maskini zaidi. Aliyezoea maumivu, na asiye na daktari wa kumwambia anaumwa nini, hujibu kwamba ni mzima. Ukitumia gharama badala yake, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza programu moja iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilichukua gharama kama dalili ya ugonjwa. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakigharamiwa kidogo kwa ugonjwa ule ule, ilidhani hawaumwi sana. Kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu yao kati ya wanaopewa uangalizi ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Kunyimwa jana kukageuzwa ushahidi wa kutohitaji leo.

Pili, majibu ya ndiyo au hapana. Kwa swali kama "ulijifungulia hospitali?", fahirisi haiwezi kufika -1 wala +1, mipaka yake inategemea wastani. Kama asilimia 90 walijifungulia hospitali, kikomo ni 0.1 tu kila upande. Fahirisi ya 0.05 inaonekana ndogo kumbe ni nusu ya inayowezekana. Wagstaff alipendekeza sahihisho mwaka 2005 na Guido Erreygers lake mwaka 2009; kwa mfano huu la kwanza linatoa 0.5 na la pili 0.18. Chagua lako kabla ya kuona matokeo, na useme umechagua lipi.

*Kinamfaa nani.* Mtafiti mwenye takwimu za kaya zenye maswali ya afya, anayelinganisha nchi au anayetaka kuchambua chanzo: bima inachangia kiasi gani, umbali kiasi gani, elimu kiasi gani. Hakimfai mwenye waliolazwa 16.

4. Mgawanyo wa ruzuku

*Swali linalojibiwa.* Fedha za umma zinazokwenda hospitali zinamfikia nani? Njia hii ilipata sura yake mwaka 1979 kwa kazi za Jacob Meerman kuhusu Malaysia na Marcelo Selowsky kuhusu Colombia.

*Takwimu.* Matumizi ya huduma kwa kila fungu na kwa kila ngazi (zahanati, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa), gharama ya serikali kwa huduma moja katika kila ngazi, na ada aliyolipa mgonjwa, ambayo huondolewa.

*Hitaji la mgonjwa.* Halimo, ila unaweza kulinganisha sehemu ya ruzuku na sehemu ya ugonjwa. Julian Le Grand alifanya hivyo kwa Uingereza mwaka 1978.

*Kinapokwama.* Kinachukulia kwamba siku moja ya kitanda ina thamani moja kwa kila anayelala juu yake. Ni dhana ya hatari, kwani katika wodi moja mmoja huonwa na daktari bingwa asubuhi ile ile na mwingine husubiri hadi kesho. Gharama za wastani pia hugeuza upotevu kuwa manufaa: hospitali ikitumia fedha ovyo, kwenye jedwali mgonjwa wake anaonekana amefaidi zaidi.

*Kinamfaa nani.* Anayekaa kwenye meza ya bajeti. Tuseme ziara moja ya zahanati inaigharimu serikali 1 na siku moja ya kitanda 10. Fungu maskini lina ziara 100 na siku 10. Fungu tajiri lina ziara 60 na siku 30. Ukihesabu huduma, maskini wamepata 110 na matajiri 90. Ukihesabu fedha, maskini wamepata 200 na matajiri 360. Vipimo vingine vitatu, vikihesabu huduma zote kwa pamoja, havitakuonyesha hilo.

Na gharama kwa kaya?

Wengi huuliza kwa nini wasitumie tu kiashiria cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ambacho, hadi kilipobadilishwa mwaka 2025, kilihesabu watu wa kaya zilizotumia zaidi ya asilimia 10 au 25 ya matumizi yao kwa afya. Kitumie, lakini si kama kipimo cha kufikia huduma. Aliyebaki nyumbani kwa kukosa fedha hakutumia chochote, na kwenye kiashiria hicho anahesabiwa pamoja na waliokingwa.

Kulingana na hali yako

Kama una jedwali lililochapishwa na hadhira isiyo ya wataalamu, tumia pengo na uwiano pamoja, na uonyeshe mafungu yote matano kwenye mchoro.

Kama unafuatilia miaka 15 na makundi yamebadilika ukubwa, tumia mteremko, wa tofauti na wa uwiano.

Kama una takwimu za mtu mmoja mmoja na swali lako ni la haki hasa, fahirisi ya mkusanyiko iliyosahihishwa kwa hitaji ndiyo njia yako. Ifanye kwa vipimo viwili vya hitaji, uone kama jibu linasimama. Tenganisha waliolazwa kwa maradhi yanayozuilika kituoni na waliolazwa kwa upasuaji uliopangwa. Ukivichanganya, kimoja kitafuta kingine.

Kama uamuzi ulio mbele ni kujenga hospitali ya rufaa au kuimarisha za wilaya, pima mgawanyo wa ruzuku kwa kila ngazi.

Na kama ulicho nacho ni daftari la hospitali peke yake, usikadirie haki ya jamii nzima kutokana nalo. Pima unachoweza kukiona ndani ya mlango: muda wa kusubiri, waliopata rufaa na wakafika, walioondoka kabla ya matibabu kwisha, kwa kila mtaa waliotoka. Kisha chukua ramani. Tume ya upasuaji duniani ya jarida la kitabibu la Lancet ilipendekeza mwaka 2015 kuhesabu watu wanaoweza kufika ndani ya saa 2 penye upasuaji wa kujifungua, upasuaji wa tumbo na matibabu ya mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Weka juu ya ramani hiyo vijiji ambavyo daftari lako halina mgonjwa hata mmoja kutoka huko, na uanze kuulizia huko.